Muulize Shangazi: Saa ya Ukutani Ina Jicho

*Shangazi, likizo yangu ya uzazi ya siku 84 imekwisha, nimerudi ofisini, mtoto nimemwachia dada. Kwa kuwa dunia imeharibika, nimeficha kamera ndani ya mdoli. Jana nikaona kwenye simu mkono unamlisha mwanangu uji. Nilipiga ukelele katikati ya kikao. Kumbe mkono ule ni wa mama mkwe, aliyekuja "kusalimia" tangu Pasaka. Dada alikuwa pembeni anamsihi, "Bibi, mama amekataza." Nimfukuze nani?*
Mama Juni, Tabata

Mama Juni, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Dada mwongeze mshahara. Amesimamia agizo la maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, tena mbele ya mtu ambaye wewe mwenyewe unamwitikia "ndiyo mama" hata akikosea. Mama mkwe hafukuziki. Siku ya kliniki nenda naye, nesi amweleze. Maneno ya nesi hayana ukwe.

Kamera siibezi. Kampala mwaka 2014, baba mmoja aliona mwanawe ana michubuko, akatega kamera, na alichokinasa kilimpeleka msichana wa kazi gerezani miaka 4. Lakini angalia kilichotangulia: michubuko. Aliyegundua ni baba aliyemtazama mtoto wake, kamera ikaja kutoa ushahidi, na kipigo kile haikukizuia. Kwa hiyo jioni mwogeshe Juni wewe mwenyewe, umgeuze mbele na nyuma. Siku moja moja rudi mchana bila taarifa. Jirani anayesikia kilio ukutani mpelekee maandazi.

Na ukiwa na picha za siku nzima, zitazame zote, usiruke mpaka pale dada anaposinzia. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafua, anapika, anabeba mtoto, analala saa nne usiku. Sheria ya kazi ya Tanzania inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Dada akianza Jumatatu, zake zinaisha Jumatano alasiri. Usingizi wa Alhamisi unauita uvivu?

*Shangazi, kwa usalama wa mtoto nataka kufunga kamera chumbani kwa dada na bafuni. Mke wangu asijue, ana presha.*
Baba Mlinzi, Goba

Mtoto halali chumba kile wala haogi peke yake. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, hausigeli akiwamo. Kamera irudishe dukani leo. Presha ya mkeo itapanda akisoma gazeti hili, na Goba si kubwa kiasi hicho.

*Shikamoo Shangazi. Nikifuta vumbi nimeona saa ya ukutani ina jicho. Mishale haisogei, ila kila nikikaa chini simu inaita, mama anauliza, "Unafanya nini?" Nifanyeje?*
Dada, Mbezi

Marahaba mwanangu. Mpigie wewe safari hii: "Mama, saa ya sebuleni imesimama, niipeleke kwa fundi?" Sikiliza anavyobabaika. Akitulia, mwambie kwa adabu kwamba umeiona na huna la kuficha, ila ungependa kuambiwa.

Nanyi akina mama wa Mbezi, kamera ya sebuleni si dhambi. Mwambieni binti siku anapoanza kazi, pale pale mnapotaja mshahara na siku yake ya kupumzika. Anayejua anaangaliwa hapungukiwi kitu kama ni mwema, na kama ana mkono mwepesi ataurudisha mapema, kabla haujamfikia mtoto. Si ndicho mnachokitaka?

Tangazo: acheni kunitumia video za dada zenu wa kazi wakila nyama jikoni. Nyama ni ya kuliwa, binti ana wazazi wake, na Shangazi si mahakama. Picha ya mtoto anayepigwa ipelekeni dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, msiisambaze kwenye magrupu.