Waranti ya Betri Nzima

Waranti ya betri ya gari hufanya kazi vizuri sana, mradi betri yenyewe iwe nzima. Ikifa betri, waranti nayo hufa kwa majonzi.

Yangu ni N50, nimeinunua Gerezani, Dar es Salaam, ikiwa na kadi ya waranti ya miezi 12 iliyogongwa muhuri. Masika hayajaisha, kila nikiwasha gari linajibu ta-ta-ta. Na kwa kuwa ni otomatiki, halisukumwi likawaka. Ikawa kila alfajiri namgongea jirani kumwomba waya za kubusti. Siku hizi jirani anaondoka usiku.

Fundi umeme wa mtaani akaichaji usiku kucha, akaweka mita: volti 10.5. "Mzee, chumba kimoja kimekufa." Betri ina vyumba sita, kila kimoja volti mbili na ushee, ikijaa inasoma kama 12.6. Toa chumba kimoja. Hesabu ya darasa la tatu inakutajia marehemu. Akapima altaneta, ikasoma 14, haina kosa. Nikaenda dukani kifua mbele.

Kijana wa dukani hakupima. Aliitazama tu.

"Mzee wangu, hii imetumika."

Sasa yeye alitaka niipambe sebuleni?

Akadai risiti. Nikampa. Risiti za mashine huchapwa kwa joto na kufutwa na jua, na hii ilikuwa imekaa kwenye dashibodi. Imebaki nyeupe pe! Akaigeuza huku na huku, akanirudishia kwa heshima zote.

"Altaneta yako inaunguza betri." Nikamwambia inatoa 14. "Basi haichaji." Hebu niambieni, altaneta gani inaunguza na haichaji kwa wakati mmoja? Akahamia kwenye redio, kisha foleni, mwisho akatua kwenye joto. Hapo alisema kweli, joto huua betri. Lakini kadi haikusema waranti ni ya wakazi wa Makete kwenye baridi. Na betri zake mwenyewe kazipanga nje, juani, sijui tangu lini. Betri ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa huisha yenyewe, mabamba yake yakaota salfeti. Huenda nilinunua mgonjwa.

Akageuza kadi. Nyuma kuna maandishi ya ukubwa wa sisimizi: waranti haihusu betri iliyofungwa na fundi asiyetambuliwa na duka. Nikamuuliza, fundi aliyeifunga si ndiye yule mliyemwita ninyi, pale kwenye kibaraza?

"Yule anajitegemea, mzee."

Yule anayejitegemea alikuwa amekaa kwenye kiti cha duka, anakunywa chai ya duka.

Nikataja Tume ya Ushindani. Kijana akauliza kama nao wanauza betri.

Nauinua mzigo wangu niondoke, sauti ikatoka ndani: "Mzee, mbovu hiyo tunanunua kwa kilo!" Maana ndani kuna risasi, na risasi ni pesa. Mizani ikaletwa mbio. Hapo hakuna aliyeuliza risiti, wala altaneta, wala nani aliifunga. Kijana akasoma mshale, akakunja uso.

"Ina maji mengi hii. Tutakata kilo mbili."