Namna ya Kubishana Kuhusu Hela za TASAF

Ubishi kuhusu hela ambazo TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huzigawia kaya masikini hauhitaji kuni nyingi. Mtu anasema tu, "Sisi tunakatwa kodi, wao wanagawiwa bure," na kijiwe kizima kinaamka. Ukitaka kuingia humo na utoke bila dhambi ya kumsema masikini asiyekuwepo, fuata utaratibu huu.

Anza kwa kumtafuta mlipakodi, na usiishie kwa mwajiriwa anayeiona PAYE, kodi ya mshahara, kwenye karatasi yake ya malipo akajiona analisha nchi peke yake. Mhesabu na bibi wa Chamwino anayenunua sabuni. Tanzania Bara, Kodi ya Ongezeko la Thamani imekuwa asilimia 18 kwa miaka mingi. Kitu kinachotozwa kodi hiyo kikiuzwa shilingi 1,180, shilingi 180 ni za serikali, na hakuna anayemuuliza bibi kama jina lake limo kwenye orodha ya kaya masikini. Akiweka vocha kwenye simu, amelipa tena. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili kuwakomesha waliokuwa wanayachanganya na dizeli. Wachakachuaji walikuwa na maghala na malori. Aliyeubeba ushuru ule ni mwenye kibatari. Ikaja tozo ya miamala ya simu, Julai 2021, na mama aliyetumiwa hela ya dawa na mwanawe aliye mjini akakatwa alipokwenda kuitoa kwa wakala. Mtu huyu ukimwambia halipi kodi, unamdhulumu mara ya pili.

Ukishawahesabu wanaolipa, hesabu wanaopokea, na ujianzie mwenyewe. Juni 2022 bei za mafuta zilipopaa, serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuzipunguza makali. Ilikuwa hatua nzuri, nami naiunga mkono, lakini ruzuku ile ilipimwa kwa lita: aliyejaza tangi la gari kubwa alichota zaidi ya mwenye bodaboda. Msimu wa 2022/23 ikaja ruzuku ya mbolea. Ada za sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, ziliondolewa tangu 2016, kwa mtoto wa diwani na mtoto wa mkata mkaa. Vijana wa vyuo wanasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Muulize kila aliyekaa kijiweni amepokea nini katika hivyo. Atakayesema hajapokea chochote, muulize tena polepole.

Hapo ndipo uielekeze hoja kwenye jambo linaloniuma. Katika misaada hiyo yote, ukiongeza na wa TASAF, ni mmoja tu ambao mpokeaji wake huanikwa mbele ya majirani. Mwenye gari hakuitwa uwanjani kuthibitisha kwamba petroli imemshinda. Kaya ya TASAF imeitwa. Katika mpango wake wa kunusuru kaya masikini, kijiji hukutana, majina yakatajwa hadharani, yaliyopendekezwa yakajaziwa dodoso: nyumba imeezekwa kwa nini, kuna mifugo, wanakula mara ngapi. Kisha orodha hurudishwa mkutanoni isomwe. Najua sababu yake, fedha ni chache na majirani ndio wanaojua nani analala njaa. Hata hivyo, mtu aliyekubali kusomewa ufukara wake kwa sauti mbele ya wakwe zake amekwisha kulipa kitu ambacho sisi wengine hatujawahi kudaiwa.

Hoja ya pombe itakuja, haikosi. "Wakipewa wanakwenda kulewa." Usikasirike, taja Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, wilaya tatu ambako TASAF ilijaribu malipo haya kabla ya kuyatandaza nchini. Wataalamu walilinganisha vijiji vilivyolipwa na ambavyo havijalipwa. Katika vilivyolipwa walikuta kaya zinawanunulia watoto viatu, zinajiunga na bima ya afya ya jamii na kufuga zaidi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti za namna hiyo kutoka mabara mbalimbali. Kwa ujumla hazikuonyesha kwamba masikini wakipewa fedha huongeza pombe na sigara. Kama unamjua mmoja anayelewa kwa hela hizo, mseme huyo mmoja. Mwisho wa mwezi baa hujaa watu wa mishahara, na hakuna aliyewahi kudai mishahara ifutwe.

Mtu akisema "bure", mtajie viwango vya awamu ya kwanza ya mpango huu. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya. Kaya yenye watoto iliongezewa kidogo kwa masharti kwamba wapelekwe kliniki na wasitoroke shule. Wenye nguvu walifanya kazi za muda, kuchimba malambo na kutengeneza barabara za kijiji, kwa shilingi 2,300 kwa siku. Barabara hizo tunazipita sote.

Swali la nani analipa usilikimbie, maana ni la haki kabisa. Sehemu kubwa ya fedha za mpango huu imetoka kwa wafadhili na mikopo nafuu. Mwaka 2019 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 450 kwa awamu ya pili. Mkopo wa namna hiyo hurejeshwa kwa miongo kadhaa. Maana yake mtoto anayebaki darasani leo kwa sababu ya hela hizi atakuwa mmoja wa wanaoulipa, kwa sabuni yake na kwa mshahara wake akiupata.

Mkichoka na Bara, vukeni maji. Zanzibar, tangu Aprili 2016, mkaazi aliyefika miaka 70 analipwa pensheni jamii kutoka bajeti ya Serikali ya Mapinduzi, awali shilingi 20,000 kwa mwezi. Haulizwi bati wala mbuzi. Ndiyo, mzee mwenye ghorofa naye anapata, na wapo wanaoona huo ni ufujaji. Mimi naona ni bei halali ya kumwacha mzee mvuvi apokee chake bila kuomba, na ningependa wazee wa Bara walipwe hivyo hivyo.

Mpaka siku hiyo, nenda kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Wengi wanaobisha hawaendi, na ndiko majina yanakopitishwa. Jina lisilostahili likisomwa, simama uliseme hapo hapo, mwenyewe akikusikia. Na kama kuna kaya iliyoachwa, bibi anayelea wajukuu na hana wa kumsemea, litaje jina lake kabla mwenyekiti hajafunga orodha.