Mpaka wa C na D

Kompyuta ya nyumbani kwetu, Mbinga mjini, ina kazi moja rasmi: hesabu za dagaa nyasa ninaoletewa kutoka Mbamba Bay. Tangu lami ifike kule ziwani mzigo unafika upesi, na wakopaji nao wameongezeka. Zisizo rasmi ni nyingi zaidi. Diski D, yenye GB 400, imebeba filamu za shemeji na video ya harusi yetu. C, yenye GB 60 tu, ilijaa mpaka Windows ikagoma kuhifadhi deni la madebe mawili.

"Ni kusogeza mpaka tu," baba watoto akatangaza. Alikuja na flashi inayoiwasha kompyuta bila kupitia Windows, yenye GParted, programu ya bure iliyoanza kutolewa 2004. Kwanza ikamtolea pembetatu ya njano: Windows haikuzimwa sawasawa, ililala tu. Akarudi kuizima kabisa.

Kisha akakata GB 100 mwishoni mwa D. C haikuongezeka hata kidogo. Mama mkwe, ambaye maisha yake ni kilimo cha ngoro na kahawa, akasogeza kigoda.

"Mwanangu, shamba huongezwa linapopakana. Wewe umekata kule bondeni."

Hajawahi kushika kipanya, mama huyu. Bahati programu yenyewe ina ustaarabu: huziweka kazi kwenye foleni, haigusi kitu mpaka ubonyeze alama ya vema. Baba watoto akafuta, akakata upya mwanzoni mwa D. Sasa ilibidi D nzima, filamu kwa harusi, ihamishwe kipande kwa kipande. Madeni yangu nilishayanakili pembeni. Harusi tukamwachia Mungu. Akabonyeza saa mbili usiku.

Betri ilikufa zamani, na soketi nzima ni moja. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, data zinaweza kupotea. Basi pasi ikapigwa marufuku, simu zikaenda kuchajiwa kwa jirani. Alfajiri shemeji akatokea na shati la kwaya mkononi, macho kwenye soketi.

"Chomoa uone," nikamwambia. Akaenda kuimba na mikunjo yake.

Saa nne asubuhi C ilisoma GB 160, na deni la madebe mawili likaingia. Shemeji aliporudi ibadani akauliza kama kwenye C mpya kuna nafasi ya tamthilia. Mama mkwe ndiye aliyemjibu, tena kwa Kimatengo.