Bando Langu Lina Mwisho, Huduma Zao Hazina

Nikijiunga bando la siku saa mbili na robo asubuhi, kesho yake saa mbili na robo linakatika, hata kama sijaligusa. Hakuna cha kusema mzee jana alikuwa na mgonjwa hospitali, hakupata nafasi ya kuingia mtandaoni, tumwongezee saa mbili. Linakatika, basi. MB zilizobaki zinakwenda zinakokwenda. Nyanya zikinilalia jikoni naona zinavyolainika, nazisikia harufu, nafikia hatua ya kukubali yaishe. MB zinaoza kwa kutangaziwa tu.

Sasa jiunge na kitu usichokitaka. Au tuseme uunganishwe, maana mwenyewe huwa hujui ulijiungaje. Hicho hakina saa mbili na robo. Kuna huduma moja inanitumia dondoo za mapenzi kila siku alfajiri. Nina mke, nina watoto wanaokaribia kunizidi urefu, na bado mtandao wangu, ambao jina lake nalihifadhi, unaniamsha kunikumbusha kwamba mwanamke hupenda kusikilizwa. Mwanamke mwenyewe amelala pembeni, anauliza ni nani huyo anayekutumia meseji saa kumi na moja alfajiri. Mfafanulie wewe.

Nisiwe mwongo, serikalini kuna waliojaribu kutusaidia kwenye bando. Kanuni ndogo za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za mwaka 2021 zilitaka mteja apewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75, apewe tena yakifika 100, aweze kumhamishia mwenzake kifurushi, na akijiunga tena kabla muda haujaisha, kilichobaki kisipotee. Mambo mazuri matupu. Ila asubuhi ya tarehe 2 Aprili, siku mambo hayo mazuri yalipoanza, tuliamka tukakuta bei za vifurushi nazo zimepaa. Watu wakachachamaa mitandaoni, wakamaliza MB zao kulalamikia bei ya MB, mpaka bei mpya zikasitishwa.

Taarifa ya asilimia 75 naipata kweli, siwasingizii. Ubaya ni kwamba kati ya hiyo na ya asilimia 100 hakuna nafasi ya kukaa ukafikiri. Grupu la ukoo wametuma video ya harusi. Nafungua. Meseji ya 75 inaingia gari la maharusi likiwa linakata kona. Bibi harusi hajatoa hata mguu mlangoni, ya 100 imeshafika, na chini yake kuna ushauri kwamba nijiunge tena ili niendelee kufurahia. Mabando yasiyo na kikomo cha muda yapo, nayajua. Ukipiga hesabu ya bei yake na MB unazopewa, unaona bora zile nyingine ziendelee kuoza.

Lakini bando tuliache, bando angalau nililiomba mwenyewe. Ninayo kesi ya wimbo.

Unajua ile huduma ambayo mtu akikupigia, badala ya kusikia simu ikiita, anasikia muziki. Wengine wanaweka kaswida, wengine kwaya, na wapo wenye biashara wanaoweka tangazo la duka. Mimi sikuweka kitu. Nikawekewa. Na katika nyimbo zote za nchi hii, nikachaguliwa singeli, tena ile ya kasi ya mwisho, ambayo ukiisikiliza huku unaendesha baiskeli unaweza kuingia mtaroni. Mwenye simu huwa hasikii wimbo wake, anausikia anayempigia. Kwa hiyo sijui ni muda gani bosi wangu, mwalimu mkuu wa shule ya watoto na mzee wa baraza la msikiti wamekuwa wakinipigia na kupokewa na fujo ile.

Nilijua siku mama mkwe alipopiga kutoka Lushoto. Mama mkwe hapigi simu hovyo. Akipiga ni jambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekukuta kwenye ngoma?"

"Hapana mama, niko nyumbani."

"Ngoma iko nyumbani kwako?"

"Hakuna ngoma mama, nimekaa sebuleni tu."

Kimya. Mtu mzima wa Kisambaa akinyamaza hivyo kwenye simu, ujue amekuelewa vibaya na ameamua kukustahi. "Haya baba," akasema, "nilikuwa nataka kuwaambia kuna msiba huku. Lakini endeleeni, nitampigia mwenyewe mwanangu."

Endeleeni! Nilikuwa nimeshika rimoti na kikombe cha chai ya tangawizi.

Basi nikapiga huduma kwa wateja. Kwa lugha ya Kiswahili, bonyeza moja. Kwa vifurushi bonyeza hiki, kwa huduma za kifedha bonyeza kile, kwa kusikiliza tena bonyeza nyota. Hakuna sehemu inayosema kwa aliyeaibishwa na wakwe, bonyeza ngapi. Ukimaliza kubonyeza, unaambiwa simu yako ni muhimu sana kwetu, kisha unaachwa. Wakati unasubiri wanakupigia tangazo la huduma ya nyimbo za kwenye simu. Nilitamani kulia.

Mwishowe akapokea dada mwenye sauti nzuri kabisa. Nasisitiza hilo kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugomba, na sauti ile ikaniharibia maandalizi.

"Karibu huduma kwa wateja, nakusaidia nini mpendwa?"

Nikamweleza. Akabofyabofya.

"Mpendwa mteja, mfumo unaonyesha ulijiunga mwenyewe."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika arobaini usiku."

"Dada yangu, saa nane usiku mimi nakoroma. Shahidi ni mke wangu, amejaza mpaka daftari la malalamiko."

"Labda mtoto alichezea simu."

"Watoto nao wamelala."

"Au uliiweka mfukoni ikajibonyeza."

Nimelala na suruali yenye mfuko, simu ikiwa mfukoni, ikafungua nywila yake yenyewe, ikaingia kwenye menyu, ikapitia nyimbo zote, ikachagua singeli. Mimi simu yangu hata kupiga picha ya kitambulisho isitoke na ukungu haiwezi, leo ina akili zote hizo usiku wa manane. Yule dada akaniomba radhi kwa usumbufu, akasema nimeshaondolewa na mabadiliko yatachukua hadi saa 72. Kabla sijashusha simu ikaingia meseji: kwa kiwango cha moja hadi kumi, umeridhika vipi na huduma yetu?

Hizi saa 72 nazo zinanipa maswali. Ukikopa salio la shilingi mia tano, siku ukiingiza vocha hata sekunde haipiti, wameshakata deni na ada yake juu. Unakwangua, unaingiza namba, unauliza salio, unakuta umebakiwa na cha kuulizia salio. Hapo mfumo uko macho. Ila ukituma pesa namba ambayo siyo na ukaomba zirudishwe, au ukitaka kuondolewa singeli, mfumo huohuo unataka siku tatu za kutafakari.

Kwenye pesa sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na wengine wakafuata, hatutumi tena bahasha kwa kondakta wa basi tukabaki tunamwombea asiwe na shida zake njiani. Hilo ni jambo kubwa na atakayelibeza hakuwahi kusomeshwa kwa bahasha. Ila limezaa msemo ambao kwa maoni yangu umeondoa pesa nyingi mifukoni mwa watu wa mjini kuliko mfumuko wa bei: na ya kutolea.

Shangazi yangu yuko Singida. Zamani ukimtumia elfu kumi anakuombea dua ndefu. Siku hizi anapokea, anasoma meseji, anapiga. "Mwanangu, ahsante, nimeiona. Mbona kama haina ya kutolea?" Unaongeza. Sasa mimi nimelipa ya kutuma, nimelipa ya kutolea, na shangazi hatoi hata shilingi, ananunulia vocha kwa kutumia simu hiyohiyo ili aweze kumpigia binamu yangu na kumwambia kwamba mimi natuma bila ya kutolea. Mwaka 2021 ndiyo tulikoma. Kuanzia tarehe 15 Julai Serikali ikaweka tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi, juu ya makato ya mtandao. Kelele zilipozidi, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Shangazi habari za tozo alizisikia redioni, akanipigia: nikituma, niweke ya kutolea na ya Serikali.

Na ukishaweka vyote hivyo, wakala hana floti. Ana kibanda, ana mwavuli, ana kiti cha plastiki, ana foleni, floti ndiyo hana. "Kaka, labda elfu kumi na tano." Unataka hamsini. "Basi mpitie yule wa pale kwenye duka la dawa." Yule wa duka la dawa kaenda kula.

Kitu kingine tulichoahidiwa ni kwamba tukisajili laini kwa alama za vidole, matapeli watakosa pa kujificha. Mnakumbuka foleni za NIDA? Mwisho wa kusajili ulikuwa 31 Desemba 2019, halafu Rais Magufuli akatuongezea siku ishirini, mpaka 20 Januari 2020. Jirani yangu ni fundi mwashi. Saruji imemla vidole miaka mingi, mashine ikawa inamkatalia, kidole baada ya kidole, mtu anafuta kwa kitambaa, anapulizia pumzi, anabonyeza tena, mashine inasema jaribu tena. Mwaminifu kama yule alihangaika wiki nzima kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Na siku laini yake ilipokubali, meseji ya kwanza kuingia ilikuwa: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo."

Matapeli vidole vyao vilisoma mara ya kwanza, inaelekea.

Kwa haki kabisa, meseji za matapeli zimeandikwa vizuri kuliko za mtandao. Ni fupi, hazina vigezo na masharti, na wanajua ninakoishi kuna mwenye nyumba. "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie namba hii." Meseji kama hizo tumeelekezwa tuzipeleke namba 15040, bure, na ukipiga *106# unaweza kuona kitambulisho chako kimesajiliwa laini zipi. Huo ni ushauri mzuri, ufuateni. Fundi mwashi aliufuata. Mwenye nyumba wetu alipobadilisha laini kweli na kuomba kodi kwenye namba mpya, fundi akampeleka 15040. Mwenye nyumba akaja mwenyewe asubuhi akiwa na msuli na mswaki mdomoni. Mazungumzo yale sitayaandika.

Utasema hama mtandao. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama na namba yake ileile, na niliwahi kulifikiria hilo kwa makini, mpaka nilipogundua kwamba laini zote nilizonazo, za mitandao yote, zinanitumia dondoo za mapenzi. Kwa hiyo nahama naenda wapi? Kila mmoja ana laini ya bando, laini ya pesa na laini ya kupokelea simu za watu anaowadai. Hatuhami, tunazungukazunguka tu ndani ya nyumba.

Mimi angalau simu yangu ina nafasi ya meseji zote hizo. Baba mdogo yuko kijijini na kiswaswadu chake, kile cha kubonyeza, chenye tochi. Kiswaswadu hakina nafasi ya maneno mengi. Meseji zikijaa, nyingine haziingii mpaka ufute, na yeye kufuta hajui, anaogopa atafuta pesa. Wiki iliyopita nilimtumia hela ya mbolea, na ya kutolea nikaweka. Akawa anasema haijafika. Nikamwambia baba mdogo, imefika, ila meseji za mtandao zimejaza simu, mtafute kijana akusaidie kuzifuta.

"Hizo siwezi kufuta," akasema. "Siyo zangu."

"Ni za nani baba?"

"Za mtu anaitwa Ndugu Mteja. Kila siku wanamwandikia, mara kashinda pikipiki, mara bando lake limeisha, mimi nazitunza tu. Ukimwona huko mjini mwambie aje achukue meseji zake, mimi nangojea hela ya mbolea."