Sifa za Njia Isiyoyumba

Wengi husifu vigeu vya njia, yale majina kama %ProgramFiles% ambayo kompyuta yenyewe huyatafutia anwani halisi. Mimi naisifu njia inayodharauliwa: ile iliyoandikwa neno kwa neno, tangu C:\ hadi jina la faili, ndani ya kisakinishi.

Ina msimamo. Kigeu ni ndumilakuwili: kwenye Windows ya biti 64, programu ya biti 64 ikikiuliza huelekezwa C:\Program Files, ya biti 32, C:\Program Files (x86). Njia yetu ikisema C ni C, hata kama Windows iko D. Enzi za XP, folda hiyo kwa Mjerumani iliitwa Programme. Njia yetu ilifika kwake bila hodi, ikamjengea nyingine ya Kiingereza ubavuni.

Na inaheshimiwa! Vista ilipoingia madukani mwaka 2007, Documents and Settings ikawa Users. Je, njia za kale zilitupwa? Thubutu. Microsoft waliacha kiungo kilichofichwa chenye jina lile lile la zamani, kinachozipeleka kimya kimya kwenye makao mapya. Wastaafu wangapi hutunzwa hivyo?

Tena haifichi asili yake. Ukikuta C:\Users\Juma\Desktop\mpya2\YA_MWISHO ndani ya mradi, umeshajua nani alifanya kazi, wapi, na kwamba mpya ya kwanza ilimshinda. Weka kigeu, historia yote imepotea: mwenzake yeyote anajenga kisakinishi kwenye mashine yoyote, na Juma anakwenda likizo asipigiwe hata simu moja. Huko si kumdharau mtu?

Lakini utukufu wake hasa huonekana siku ya kiraka. Kiraka cha Windows Installer hutengenezwa kwa kulinganisha toleo la zamani na jipya, faili kwa faili. La zamani liko wapi? Njia inajibu bila kusita: E:\matoleo\1.0. Nayo E ilikuwa flashi. Basi ofisi nzima inasimama, madroo yanavutwa, mabegi yanapekuliwa, na watu walionuniana tangu Januari wanaulizana habari za flashi nyeusi. Kwa kigeu, thamani ingebadilishwa mahali pamoja tu, na kiraka kingetoka kabla ya chai. Nani basi angejua kwamba Juma huificha flashi yake ndani ya kopo la sukari?