Mwenye Shughuli Ni Nani?

Anayelipa kiingilio hununua vitu viwili. Cha kwanza ni muziki. Cha pili hakiandikwi kwenye tiketi, lakini ndicho ninachokithamini zaidi: haki ya kulalamika. Nikishatoa elfu kumi yangu mlangoni, nina ruhusa kamili ya kusema spika zinakwaruza, bendi imechelewa kupanda, choo hakiingiliki na soda ina joto. Nitamtafuta mwenye ukumbi, nitamweleza moja baada ya jingine, atanipa pole ya uongo, nami nitarudi kwenye kiti changu roho yangu nyeupe. Kwa watu wa aina yangu hiyo ndiyo burudani yenyewe. Muziki ni wa kusindikiza tu.

Ndiyo maana mpwa wangu aliponiambia kuna wikiendi ya muziki wa kielektroniki kando ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya Mwanza, watu wanalala kwenye mahema na hakuna kiingilio, nilikuwa na swali moja.

"Mwenye shughuli ni nani?"

"Hakuna, Mjomba. Ni ya wote."

"Ya wote ndiyo ya nani?"

"Watu wanakuja tu. Mwenye spika analeta spika, mwenye jenereta analeta jenereta, anayejua kupiga anapiga."

Nilikuwa bado natafuta namna ya kukataa kwa heshima, mke wangu akatokea chumbani na begi langu limeshafungwa. Alisema hewa ya ziwani itanifaa. Kwa alivyolifunga lile begi kwa furaha, nadhani hewa ya nyumbani nayo ilitarajiwa kumfaa yeye, nikishaondoka.

Tulifika Ijumaa jioni. Ufukwe wenyewe ulikuwa mzuri, sikatai: yale mawe makubwa ya Mwanza yamebebana juu kwa juu kana kwamba kuna mtu aliyapanga akaitwa kula kabla hajamaliza, chini yake mchanga, mitumbwi imeegeshwa pembeni, na mbele maji mpaka macho yachoke. Ni sehemu ya mwalo, wavuvi wanapopandisha samaki. Katikati ya mchanga vijana walikuwa wamesimamisha ukuta wa spika, wameufunga kwa kamba ya manila na kuutundikia turubai juu. Kijana mmoja aliyevaa sweta lenye kofia, kwenye joto lile, alikuwa ameinamia kompyuta kama anayekagua mtihani wa mtoto wake.

Nikakaa juu ya jiwe kusubiri wimbo uishe, nipumzike. Haukuisha. Mpwa wangu akanieleza kwamba hauishi. Wa pili unaingizwa ndani ya wa kwanza kabla wa kwanza haujatoka, na huo ndio ufundi. Mimi nimelelewa na muziki wa dansi. Mwimbaji alikuambia nani kaachwa na nani, ndugu walisema nini, gitaa likaja kuchanganya, watu wakacheza, kisha bendi ikanyamaza ukapata nafasi ya kumuuliza jirani yako kama amemwelewa yule mwanamke. Hapa hakuna aliyeachwa na mtu. Ni tumtum-tumtum, na nusu saa baadaye, kwa mabadiliko makubwa, tumtum-tum.

Usiku ulipoingia wakaleta singeli, mapigo yakapanda yakapita 200 kwa dakika. Daktari wangu ana maoni yake kuhusu moyo wa mtu wa umri wangu kufikia nusu ya hapo.

"Huu ni wa kwetu, Mjomba," mpwa wangu akanipigia kelele sikioni. "Umetoka uswahilini Dar. Tandale, Manzese, Mbagala. Siku hizi Wazungu wanaufuata." Akanisimulia vijana wa studio ya Sisso, namna lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilivyotoa mkusanyiko wao mwaka 2017, na mialiko ya Ulaya iliyofuata.

Anamfundisha nani? Nimeishi Dar mimi, ukuta mmoja na vigodoro. Nimewasikia wakichukua kipande cha taarabu, wanakikata, wanakirudia, wanakikimbiza kwenye kompyuta mpaka kinanda kinaomba msamaha, barabara imefungwa kwa maturubai, hadi alfajiri. Ilikuwa bure, ilikuwa nje, na kulala hatukulala. Lakini kigodoro kilikuwa na mwenyewe! Asubuhi unavaa kanzu ya hasira, unakwenda kwa mama mwenye shughuli, unamkuta yuko na sare yake, amechoka, anakukaribisha sahani ya pilau. Malalamiko yanashuka tumboni pamoja na nyama. Ndiyo ujirani huo.

Hata hapa Usukumani mambo yamepangwa tangu enzi. Katika mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno, Wagalu wanacheza upande mmoja na Wagika upande wa pili, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hulipi hata senti, lakini ukichukia unachokiona unainua miguu unahamia kwa wapinzani, na wote wanakuona unahama. Hayo ni malalamiko yanayohesabika. Mimi kule ziwani nilihamia wapi? Upande mmoja spika, upande mwingine mamba.

"Ndivyo ilivyo duniani," mpwa wangu akajitetea. "Hata Uingereza ilianza hivihivi." Hapo akanipa historia ambayo, nakiri, niliisikiliza kwa makini. Mei mwaka 1992, sehemu inaitwa Castlemorton, watu kwa maelfu walijaa kwenye uwanja wa malisho na magari yao na spika zao, wakacheza karibu wiki nzima bila kiingilio. Wenyeji walipotafuta wa kumlaumu hawakumpata. Serikali ikawakamata watu wa kundi lililoitwa Spiral Tribe, ikawapeleka mahakamani, kesi ikavuta miezi, mwishowe wakaachiwa huru. Kuona hivyo Bunge likatunga sheria mwaka 1994, na kwa kuwa mwenye shughuli hakupatikana, wakaamua kuushika muziki wenyewe: sheria ikaeleza kwamba muziki unaokusudiwa ni pamoja na ule wa mapigo yanayojirudia mfululizo. Wanasheria wazima, na mawigi yao, wamekaa kuandika tumtum kwa lugha ya bunge.

Nikaona kumbe siko peke yangu. Himaya nzima imewahi kuuliza swali langu ikakosa jibu. Nikaamua nitamtafuta mimi.

Nilimuuliza kijana wa jenereta. Akasema yeye ni wa jenereta tu. Nilimuuliza mwenye spika. Akasema muulize DJ. DJ alinionyesha kidole gumba, nadhani alifikiri nimeomba wimbo. Nikaendelea kuzunguka na tochi yangu, hema kwa hema, nikiuliza kwa sauti ya kutosha, mpaka nikakutana na mvuvi mmoja mzee aliyekuwa naye anazunguka.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "mahema yale ya pembeni mmeyaweka kwenye njia ya kiboko. Usiku anatoka kula majani, na akikuta kitu njiani hakizunguki. Mwenye shughuli ni nani?"

"Hata mimi namtafuta."

Sasa ningefanya nini? Kuisubiri kamati? Nikaenda nikawaamsha wenye mahema, nikawahamisha mmoja mmoja, na waliobisha nikawauliza kama wangependa kujieleza kwa kiboko. Watu waliniona. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Usiku wa manane jenereta likazima. Nikawa nimeanza kupata usingizi nikaona tochi zimejaa mlangoni.

"Shikamoo, Mzee. Mafuta yameisha."

"Marahaba. Yananihusu nini?"

"Tumeambiwa tukuone wewe."

Nikawaambia mimi ni mgeni kama wao. Wakasema sawa, wakaendelea kusimama. Kwa mbali nikasikia kijana mmoja amechomoa gitaa na anaanza kuimba kwa sauti yake ya kuzaliwa, kwa Kiingereza, habari za mapenzi yake. Nikatoka. Nikachukua daftari, nikachora mistari mitatu: jina, ahadi, ametoa. Hakuna Mtanzania asiyejua kuendesha daftari la michango, tunazaliwa nalo. Palepale wakajitokeza wale wa "andika nitatoa kesho," nikawaandika kwa wino mwekundu. Bodaboda akatumwa mafuta. Jenereta liliponguruma, gitaa likanyamaza, na umati ukanishangilia kwa jambo ambalo nisingemtendea hata adui yangu.

Alfajiri wakaja akina mama na mabeseni. Ilikuwa giza la mwezi, ndio wakati wa dagaa. Usiku kucha tulikuwa tumeziona taa za mitumbwi zimetapakaa ziwani mpaka mtu akadhani kuna mji mwingine kule, na sasa mzigo ulikuwa umefika. Dagaa hangoji mtu. Jua likitoka lazima awe ameshaanikwa, la sivyo mpaka mchana hana bei. Na pale pa kuanikia ndipo vijana walipolala.

"Baba," mmoja akaniambia, moja kwa moja kwangu, bila hata kuuliza kwa mwingine, "sisi tunaanika wapi?"

Sikuwa na nguvu ya kubisha tena. Nikahamisha mahema yote juu, karibu na mawe. Waliokuwa bado wanacheza mbele ya spika nikawapa mabeseni. Mtu anayeweza kurusha mikono vile saa sita mfululizo hana sababu ya kushindwa kutandaza dagaa. Walifanya kazi safi, nadhani wengi wao hawakugundua kwamba wameacha kucheza.

Mchana wakataka kuogelea. Nikawaona wanaelekea kule kwenye matete, maji yametulia, pazuri kwa macho. Pale ndipo konokono wanapokaa, na vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwao vinapenya ngozi ya mtu akiwa amesimama anapiga picha. Nikapiga filimbi. Sijui filimbi niliipata wapi; kuna mtu alikuwa ameshanipa.

"Hapo hapana!"

"Nani kakataza?" akauliza kijana mmoja mwenye miwani ya jua.

"Mimi."

Akasema, "Samahani, Mzee," akageuka. Nakwambia, tangu nizae sijawahi kuliona neno langu likitiiwa kwa kasi ile.

Kuanzia hapo sikupumzika. Aliyepoteza kiatu alikuja kwangu. Waliogombania sehemu ya kuchaji simu walikuja kwangu. Mama lishe alitaka kujua apike sato wangapi kwa ajili ya jioni, kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa wote. Foleni ya choo, maana choo kilikuwa kimoja, cha shimo, nyuma ya duka, niliigawa ya wanawake na ya wanaume kwa ratiba. Na kila mmoja aliponijia na lawama zake nilijikuta nampa pole ya uongo, ileile ninayopewaga mimi kumbini, neno kwa neno.

Jumapili asubuhi akaja mwenyekiti wa kijiji, amefuatana na mtu wa BMU, wale wanaosimamia mwalo. Walikuja wamenuna. Mwenyekiti akasimama mbele ya spika, akainua mkono, DJ akapunguza sauti.

"Mwenye shughuli ni nani?"

Vidole vyote vikanigeukia. Cha DJ, cha jenereta, cha mama lishe, vya akina mama wa dagaa. Cha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, niliyemlipia ada, kilikuwa cha kwanza. Waingereza walitumia polisi, mahakama na Bunge wasimpate mtu wao. Mwenyekiti alitumia maneno manne.

Akanisomesha pale mbele ya vijana. Taarifa hatukutoa mapema ofisini. Besi inawafukuza dagaa, wavuvi wamelalamika. Mifuko ya plastiki asiione hata mmoja tukiondoka. Nilisimama nimeshika daftari langu na filimbi shingoni, nikafungua mdomo kumweleza kwamba mimi ni mgeni tu, nimeletwa kwa ajili ya hewa, nikajisikia nasema, "Mwenyekiti, besi tulishaipunguza tangu saa nane, na hawa vijana wamesaidia kuanika dagaa. Takataka niachie mimi."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Sawa, Mzee. Lakini mwakani uje ofisini kwanza."

Mwakani! Tulipokuwa tunakunja mahema vijana wakanizunguka kuuliza tarehe. Nikawapa masharti. Vyoo vinne. Mapumziko kati ya wimbo na wimbo, japo ya kumeza mate. Singeli mwisho saa saba, baada ya hapo dansi la zamani, lenye kisa. Mwenye gitaa abaki kwao. Na getini kutakuwa na meza, kiti changu, na kiingilio cha shilingi elfu mbili.

"Kiingilio tena?" mpwa wangu akaruka. "Mjomba, elfu mbili ni nyingi, na muziki wenyewe—"

Nikamwambia alipe kwanza, ndipo alalamike.