Shangazi Awajibu Walaji wa Bukhara

Barua za mwezi huu zimemfikia Shangazi zote zikinuka mafuta ya kondoo. Zimetoka kwa wasomaji waliokwenda Uzbekistan kuzuru kaburi la Imam Bukhari karibu na Samarkand, kisha wakaendelea hadi Bukhara, mji alikozaliwa mwaka 810. Huko wameishia palepale wanapoishia watalii wote: kwenye migahawa inayozunguka Lyabi-Hauz, bwawa la mawe lililochimbwa yapata mwaka 1620, lenye miforsadi mikongwe kandokando. Wamekula, wamelipa, wamekasirika. Shangazi amezisoma barua zote kwa kalamu nyekundu mkononi.

Wa kwanza anajiita Aliyedharauliwa, wa Tanga. Analalamika kwamba mhudumu alimmiminia chai ya kijani isiyofika hata nusu ya kibakuli, tena mbele ya mashemeji zake. Kabla ya hapo, anasema, kijana huyo aliimimina chai kwenye kibakuli na kuirudisha kwenye buli mara tatu, "kama mtu anayesuuza vyombo." Aliyedharauliwa akadai kibakuli kijazwe hadi ukingoni. Kikajazwa, na meza ya jirani ikacheka.

Shangazi anamwonea huruma, ila si kwa sababu anayoidhani. Ile mizunguko mitatu ni ya kuchanganya chai ikolee sawasawa. Na mgeni wa heshima hutiwa kidogo kidogo ndani ya piyola, kibakuli kisicho na mkono, ili chai isimuunguze na mwenyeji apate sababu ya kumhudumia tena na tena. Anayejaziwa hadi juu ndiye anayeambiwa kwa adabu kwamba anywe aende zake. Aliyedharauliwa alikuwa ametunzwa kama sultani, akaomba mwenyewe kufukuzwa. Shangazi anamsihi pia asije akaugeuza mkate kifudifudi mezani, kwa maana hapo hakuna atakayecheka. Mkate wa tanuri, ule wa duara wenye nakshi katikati, humegwa kwa mkono na hulazwa uso ukiwa juu.

Barua ya pili ni ya Nimeibiwa, wa Dodoma. Aliletewa bili ya som 300,000, akashika kichwa. Anaapa hakuagiza kachumbari, wala achari, wala mkate, vilikuja vyenyewe.

Kuhusu tarakimu, Shangazi anamtuliza. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa inapata zaidi ya som 12,000, kwa hiyo bili yake haikufika dola 25. Nchi hiyo imezoea sifuri nyingi: hadi mwaka 2013 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya som 1,000, na watu walikwenda sokoni na mabunda ya hela kwenye mifuko ya plastiki. Leo kuna noti ya 200,000.

Kuhusu kachumbari, hapo Shangazi anabadilisha sauti. Katika migahawa mingi mhudumu hupita na trei kubwa yenye visahani vya saladi, na kila kisahani kinachotua mezani kinahesabiwa. Achichuk, nyanya na vitunguu vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, inafanana mno na kachumbari ya kwao hata Nimeibiwa akadhani ni ya bure kama nyumbani. Mkate unalipiwa. Chai inalipiwa. Chini kabisa huongezwa ada ya huduma, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20, na kawaida imeandikwa kwenye menyu kwa herufi za kumpima mtu macho. Ukarimu wa Wauzbeki ni wa kweli, anasema Shangazi, lakini nyumbani kwa mtu ni mahali pamoja, na mgahawa wa watalii ni mahali pengine. Asichokitaka akirudishe kwenye trei kabla hajakigusa.

Mwana wa Mombasa yeye ana hasira za pilau. Alifika saa mbili usiku na hamu yake yote, akaambiwa palov imekwisha. Mgahawa wa pili ukampa sahani iliyopashwa moto, isiyo na mdalasini, hiliki wala karafuu, "karoti tupu."

Shangazi anamwomba akae chini. Palov ni chakula cha mchana. Mpishi wake, oshpaz, huanza asubuhi: mafuta yachemke kwenye karai zito la chuma, kitunguu, nyama ya kondoo, kisha karoti zilizokatwa vijiti, kilo kwa kilo, na uzile. Maji hufuata, mchele hulazwa juu bila kukorogwa, na kitunguu saumu huzikwa humo kikiwa kizima. Utamu unatoka kwenye karoti zilizokaangwa polepole na kwenye mafuta ya mkia wa kondoo, ndiyo maana viungo ni vichache. Samarkand hawachanganyi hata wakati wa kupakua: wali chini, karoti juu yake, nyama kileleni. Karai likiisha limeisha. Kule Tashkent, kwenye kituo cha palov kilicho karibu na mnara wa televisheni, makarai yana upana wa kumlaza mtoto, na bado anayechelewa hukuta yanasuguliwa. UNESCO iliutambua utamaduni huu mwaka 2016. Mwana wa Mombasa anaombwa kuutambua kabla ya saa saba mchana.

Mtoto wa Chuoni, wa Unguja, aliona juu ya wali wake vipande vyekundu-vyeusi vya mviringo, akauliza, akaambiwa ni farasi. Akasukuma sahani.

Hiyo ni qazi, soseji ya nyama ya farasi, na asiyeitaka aseme wakati wa kuagiza. Lakini Shangazi ana jambo dogo la kumchokoza. Madhehebu ya Shafii, anayoyafuata Mtoto wa Chuoni, yanaruhusu nyama ya farasi. Aliyeichukia ni Imam Abu Hanifa, ambaye ndiye imamu wa Wauzbeki. Pale mezani, kila mmoja alikuwa anafuata fatwa ya mwenzake.

Binti Mboga anauliza kama inatosha kuchambua nyama kwenye palov. Haitoshi, wali wenyewe umeiva ndani ya mafuta ya mkia. Aagize samsa, sambusa ya huko, ya maboga, mkate na achichuk.

Wa mwisho ni Magoti, bibi wa miaka sabini kutoka Kisumu. Alivuliwa viatu na kupandishwa kwenye tapchan, kitanda kipana chenye magodoro, mito na meza fupi katikati. Kupanda kulikuwa rahisi. Kushuka, wajukuu watatu walihitajika, huku ngoma ya doira ikipigwa na wachezaji wakiwavuta wageni uwanjani. Anauliza afanye nini safari ijayo.

Shangazi anamjibu Bi Magoti kwa heshima zote kwamba migahawa hiyo huwa na meza za kawaida pia. Aiombe yake kabla ya saa moja usiku, maana basi la pili la watalii likishafika, viti vyote huwa vimekaliwa na wazee wa Kijerumani wenye magoti kama yake.